Kadi ya Oyster ya London: nani kutoka Mombasa ainunue, nani aiache

Ukimwambia mtu yeyote kwamba unakwenda London kutembelea jamaa, atakwambia usihangaike na Oyster, kadi ya kulipia nauli za treni na mabasi ya huko, gusa kwa kadi ya benki tu. Ushauri huo unamfaa msafiri mmoja mwenye Visa au Mastercard ya kulipia kwa kugusa. Mama anayesafiri na watoto, na kadi ya benki ni moja tu pochini, ushauri huo utamkwamisha getini siku ya kwanza.

Kule kila mlipaji nauli hugusa kadi yake mwenyewe. Kwenye matatu ya Bamburi unampa makanga noti na kumwambia "wawili hapa", mambo yamekwisha. Kwenye geti la Tube, yaani treni za chini ya ardhi, huwezi. Kadi moja ni abiria mmoja, na mfumo unataka kuona mahali alipoingilia na alipotokea. Na M-Pesa haina kazi pale. Hata GlobalPay, kadi ya Visa ya M-Pesa, iliundwa kwa kununulia mtandaoni. Pesa taslimu nazo hazipokewi ndani ya basi la London tangu Julai 2014.

Kwa hiyo tupige hesabu. Oyster yenyewe inanunuliwa kwenye mashine za stesheni, na ada yake hairudishwi: ilikuwa pauni 7, ikapandishwa hadi 10 mwaka 2025. Hiyo ni ya plastiki peke yake, bado hujaweka salio. Nauli za mtu mzima ni zilezile kwa Oyster na kwa kadi ya benki, na vikomo vya siku, yaani kiasi cha juu unachoweza kukatwa kwa siku moja, ni vilevile. Tuseme unazunguka zoni 1 na 2, yaani katikati ya mji, siku saba na kila siku unafika kikomo, ambacho kwa nauli za 2025 kilikuwa pauni 8.90. Jumla haizidi pauni 62.30. Benki yako ikikata asilimia 3 ya kubadilisha pesa, ni chini ya pauni 2. Hapo Oyster imeshindwa waziwazi. Mambo yanageuka benki inapotoza ada maalum kwa kila muamala wa nje, kwa sababu kadi ya benki hukatwa mara moja kwa kila siku uliyosafiri, usiku, baada ya safari zote kujumlishwa. Siku saba, makato saba. Oyster unaijaza mara moja, hata kwa noti, kwenye mashine zinazopokea pesa taslimu au kwenye maduka madogo yenye alama yake. Waulize benki swali hilo moja kabla hujapanda ndege: mnatoza asilimia, au ada kwa kila muamala, au vyote viwili? Na hapohapo hakikisha kadi imefunguliwa kutumika nje ya nchi.

Kuna hitilafu ya kadi za benki inayowapata sana watu wenye akaunti za kuwekea pesa kidogo kidogo. Ukigusa asubuhi geti linafunguka hata kama akaunti haina kitu cha maana, kwa kuwa malipo yenyewe yanaombwa usiku. Benki ikikataa usiku ule, kadi inazuiwa kwenye mfumo wa TfL, mamlaka ya usafiri ya London, na kesho yake hakuna geti litakaloifungua mpaka deni lilipwe. Mtu anadhani kadi imeharibika. Ukiona pia muamala wa peni 10 usiouelewa, usishtuke, ni TfL wanakagua kama kadi iko hai.

Matumizi yenyewe ni mepesi, ila yana kanuni mbili zisizofanana. Kwenye basi unagusa mara moja tu, wakati wa kupanda. Kwenye treni unagusa ukiingia na ukitoka, kwenye kisomaji cha manjano. Penye geti huwezi kusahau. Shida iko kwenye stesheni nyingi za DLR, treni nyepesi za mashariki mwa London, ambazo hazina geti: kisomaji kimesimama kwenye nguzo, na mgeni anakipita akiangalia simu. Usipogusa ukitoka, mfumo haujui ulishukia wapi, basi unakukata nauli ya juu kabisa. Ukiwa umesajili kadi mtandaoni unaweza kudai urudishiwe. Usiposajili ni kazi zaidi.

Kosa jingine ni kugusisha pochi nzima. Ikiwa na Oyster na kadi ya benki pamoja, kisomaji kinaweza kushika moja ukiingia na nyingine ukitoka, na hapo una safari mbili ambazo hazijakamilika. Simu nayo inahesabiwa kuwa kadi tofauti hata ikibeba akaunti ileile, kwa hiyo aliyeanza siku na simu aimalize na simu, la sivyo kikomo cha siku hakitafikiwa. Siku ya hesabu yao inaanza saa 10:30 alfajiri, si usiku wa manane.

Tumezoea nauli kupanda mvua ikinyesha. London treni hupanda kwa saa: Jumatatu hadi Ijumaa, saa 12:30 hadi 3:30 asubuhi, na saa 10 hadi saa 1 jioni. Mtalii asiye na miadi akitoka nyumbani saa nne anaepuka ya asubuhi bila jasho. Nauli ya basi haina saa. Kwa nauli za 2025 ilikuwa pauni 1.75, uende vituo viwili au uvuke mji, na ndani ya saa moja tangu ugusaji wa kwanza unaweza kupanda mabasi mengine bila kukatwa tena, mradi ni kadi ileile. Kinachoangaliwa ni muda wa kupanda basi la mwisho, si wa kushuka. Kikomo cha mabasi kilikuwa pauni 5.25 kwa siku, yaani nauli tatu. Wageni wetu wengi hukimbilia Tube na kulidharau basi, na sijui kwa nini. Salio la Oyster likiisha, basi hukuruhusu safari moja zaidi na deni linakatwa utakapojaza.

Kwa watoto ndipo Oyster inapolipa ada yake. Walio chini ya miaka 11 hawalipi kwenye basi, na kwenye Tube hawalipi wakiwa na mtu mzima, hadi watoto wanne kwa mkubwa mmoja. Tumieni geti pana na mwoneshe mfanyakazi. Wa miaka 11 hadi 15 wanapata punguzo la wageni, nusu ya nauli ya mkubwa kwa hadi siku 14. Punguzo hilo haliingii kwenye kadi ya benki. Nunua Oyster, nenda na mtoto mwenyewe kwa mfanyakazi wa stesheni, naye atalipakia. Mashine peke yake haikupi, na ndiyo sababu wazazi wengi wanalipa nauli kamili bila kujua.

Kutoka uwanja wa ndege wa Heathrow, treni ya Tube ya njia ya Piccadilly ndiyo ya bei nafuu, karibu saa nzima hadi katikati ya mji. Treni ya njia ya Elizabeth ni ya haraka na starehe lakini nauli yake ni zaidi ya mara mbili. Heathrow Express, treni ya moja kwa moja, inakufikisha stesheni ya Paddington kwa dakika 15. Kwa familia yenye masanduku ya zawadi na hakuna anayeisubiri kwa miadi, ni pesa za kutupa.

Ukiondoka, mashine za Tube hurudisha salio lisilozidi pauni 10. Zaidi ya hapo unawaandikia TfL. Lakini salio haliozi, na Oyster ya kawaida ya mtu mzima inaweza kutumiwa na mwingine, ila si na watu wawili kwa wakati mmoja. Binamu anayesafiri Desemba akiichukua, ada ile ya pauni 10 hailipwi mara ya pili.