Mafuta ya karafuu na mende: nimeyajaribu wiki tatu jikoni kwangu

Habari zenu wapendwa, karibuni tena jikoni kwangu, hapa Dar es Salaam. Leo sina mapishi. Leo ni habari ya mende, maana tangu mvua zianze wamenikosesha raha, na kila ninayemlalamikia ananijibu lile lile: weka karafuu, mende hapatani na harufu ya karafuu. Basi nimeweka, wiki tatu nzima.

Bidhaa yenyewe ni hii. Chupa ya mililita 10, mafuta ya karafuu kutoka Pemba. Kule Wawi, Chake Chake, kuna kiwanda cha ZSTC, shirika la biashara la serikali ya Zanzibar, kinachotoa mafuta haya kwa mvuke, hata kwenye makonyo, vile vijiti vinavyobaki karafuu ikishachambuliwa. Kinachofanya kazi humo ndani kinaitwa yujinoli. Ndiyo inayokuwasha ulimi ukitafuna karafuu, na ndiyo hiyo hiyo waganga wa meno wanayoitumia.

Sasa sogeeni, hapa nataka muone kwa macho. Chupa ya kwanza niliyonunua ilikuwa imechanganywa, nikapoteza hela yangu na siku nne. Kwa hiyo mkinunua, chukueni glasi ya maji namna hii. Nadondosha tone la ile ya kwanza... mnaona? Linaelea juu, linatanda kama mafuta ya kupikia. Sasa hii ya pili. Tazameni tone hilo, linashuka taratibu mpaka chini, limekaa kama ushanga. Mafuta halisi ya karafuu ni mazito kuliko maji, yanazama. Yakitanda juu kama yale, rudisheni dukani.

Mende wangu ni wale wadogo wa kahawia, wenye mistari miwili myeusi nyuma ya kichwa. Ndio wanaoitwa mende wa Kijerumani. Hawa ni tofauti na yule mkubwa mwekundu anayetoka kwenye shimo la choo. Wadogo wanaishi humu humu ndani, nyuma ya friji, kwenye bawaba za kabati, na jike anatembea na kifuko cha mayai kimening'inia nyuma, mayai 30 mpaka 40 kwa mkupuo. Shikeni hilo la kifuko, nitalirudia.

Jaribio langu lilikuwa hivi. Nilichukua maboksi mawili ya viatu, nikatoboa tundu dogo kila moja, ndani nikaweka kipande cha mkate. Moja nikaweka na pamba yenye matone matano ya karafuu. Usiku nikazima taa. Asubuhi boksi lisilo na karafuu lilikuwa na mende saba chini ya mkate. Lenye karafuu, hakuna hata mmoja! Nilifurahi mno. Siku ya pili hivyo hivyo. Siku ya nne nikakuta wawili. Siku ya sita, pamba imekauka, maboksi yote mawili sawa. Harufu ikishaondoka na kazi imeondoka, kwa hiyo ukitaka isaidie lazima uongeze kila baada ya siku mbili au tatu.

Na wale mnaochemsha karafuu kisha mnapulizia maji yake, jamani, mnajichosha. Ile harufu nzuri inayojaa nyumba wakati sufuria inachemka ndiyo dawa yenyewe, inatoka na mvuke. Kiwandani wanaukamata ule mvuke, wewe unauachia utoke dirishani. Mchaichai niliujaribu pia, ulifika siku moja tu. Maganda ya limau sikuona tofauti yoyote.

Lililoniuma ni hili. Wiki ya pili nilipaka karafuu jikoni kote, kila pembe. Jikoni pakatulia. Siku tatu baadaye nafungua droo ya nguo za mwanangu mdogo, naona vipapasio viwili vya mende vinachezacheza kwenye mkunjo wa shati la shule. Walikuwa wamehama! Hawakufa, walitafuta chumba kisichonuka, na yule jike akahama na kifuko chake. Mwanangu ana pumu, na kinyesi cha mende kinaamsha pumu, kwa hiyo nilikuwa nimemsogezea ugonjwa kitandani. Na kwa sisi tunaopanga chumba kwa chumba, unamsukumia jirani, naye akipulizia dawa, wanarudi kwako.

Kwa hiyo nimebadilisha utaratibu. Jikoni sasa natumia dawa ya jeli ile ya sindano, vitone vidogo nyuma ya friji na kwenye bawaba, na karafuu siisogezi karibu na hapo kabisa. Ukiiweka, mende hataifikia jeli, utakuwa umemfukuza kwenye sumu uliyomtegea. Usiku nakausha sinki na kufunika ndoo, maana mende anavumilia njaa kuliko kiu. Karafuu imebaki kwenye droo za nguo na kabati la vitabu. Pamba moja kwenye kifuniko cha chupa, isiguse nguo wala plastiki, kwa sababu mafuta haya yanaacha doa na yanalainisha baadhi ya plastiki.

Mwenye paka ayaache kabisa, ini la paka haliyawezi. Wala msiyashike kwa mkono mtupu, yanaunguza ngozi.

Alama zangu: kwa droo na kabati, nayapa 8 kwa 10. Kwa jiko lililokwisha kuingiliwa, 3. Droo ya mwanangu ni hii, naifungua mbele yenu. Nimeifuta kwa sabuni, pamba ni ya juzi, na leo ni siku ya tisa sijaona hata kinyesi. Kesho ndiyo siku ya kuongeza matone.