Springla zangu za Dodoma: ukanda mkavu wa katikati umeisha

Nyuma ya nyumba yangu hapa Dodoma kuna uwanja mdogo wa ukoka, mita 12 kwa 6. Niliupanda kwa ajili ya vumbi. Anayeijua Dodoma kuanzia Mei hadi Novemba hahitaji maelezo: mvua hakuna, upepo haulali, na udongo mwekundu unaingia hadi kwenye vyombo vya kabatini. Kwa miaka miwili pembe za uwanja zilikuwa kijani, zimelowa kupita kiasi, na katikati ukoka ulikuwa mkavu hadi ukiukanyaga unavunjika.

Fundi wa kwanza alifunga springla nne (vifaa vya kunyunyizia maji), kila pembe moja, zenye nozeli, yaani midomo ya kutolea maji, za kawaida zinazotoa maji kama upepeo uliofunguliwa. Kila moja hurusha kama mita 4 na nusu. Mbili zinazotazamana zinafika mita 9, uwanja una 12, kwa hiyo mita 3 za katikati hazipati kitu. Hatukuipiga hesabu hiyo, si yeye si mimi. Nilipolalamika niliambiwa presha ni ndogo, ninunue pampu yenye nguvu zaidi. Nikanunua. Geji ikapanda hadi bar 4 (bar ni kipimo cha presha), maji yakawa ukungu, na upepo ukayapeleka ukutani. Mama alikuja kunitembelea kutoka Kondoa, akasimama mlango wa nyuma akitazama. "Mwanangu, mbona unamwagilia ukuta?" Iliniuma sana. Huyu ni mtu aliyebeba maji kichwani zaidi ya nusu ya maisha yake.

Kabla ya kununua kitu kingine nilikusanya makopo 12 ya maziwa ya unga, yote ya saizi moja na yenye kuta zilizonyooka. Nikayapanga uwanjani kwa mistari, nikafungua maji kwa saa nzima, kisha nikapima kina kwa rula ya shule. Ya karibu na pembe yalikuwa na milimita 16 na 17. Ya katikati, 2. Kama una tatizo kama langu, anza na makopo, kwa sababu macho yanadanganya: yanaona maji yanaruka, hayaoni yanapoangukia.

Kilichoniokoa ni mambo mawili kwa pamoja. Kwanza niliongeza springla mbili katikati ya zile kuta ndefu, zikawa sita, umbali wa mita 6 kati ya moja na nyingine. Kanuni ni kwamba maji ya springla moja yafike kwenye kichwa cha jirani yake. Pili, niling'oa nozeli zote nikaweka za kuzunguka, Hunter MP Rotator, nilizoagiza Dar es Salaam zikaja kwa basi. Hizi hazitoi ukungu. Hutoa nyuzi nyingi za maji zinazozunguka taratibu, na matone yake ni mazito, upepo unayasogeza kidogo tu. Nilichokipenda zaidi ni kwamba ya pembeni inayozunguka robo duara hutumia karibu nusu ya maji ya ile ya katikati inayozunguka nusu duara, hivyo kila sehemu inapata kina kilekile. Nikafunga na valvu ya kupunguza presha, nikaiweka bar 2.8.

Nilirudisha makopo palepale, saa nzima tena. La chini kabisa lilikuwa na milimita 8, la juu 11. Nilikaa pale kwenye ngazi nikiyatazama kwa furaha.

Kwenye matumizi ya maji ndiyo tofauti ni kubwa zaidi. Milimita moja juu ya mita moja ya mraba ni lita moja, kwa hiyo milimita 10 kwenye uwanja wangu ni lita 720. Zamani, ili katikati pasife, nilifungua saa mbili kila baada ya siku moja, karibu lita 1,700 kila mara. Sasa nafungua saa moja, mara tatu kwa wiki, saa kumi na moja alfajiri kabla upepo haujaamka. Tenki la lita 5,000 linanivusha wiki mbili.

Bei ya nozeli hizi ni kubwa, mara kadhaa ya zile za kawaida. Vitundu vyake ni vidogo, na maji ya visima huku kwetu yana chumvi inayoacha utando mweupe, kwa hiyo chujio kabla ya springla ni lazima. Langu nalisafisha kila Jumamosi, na nozeli naziloweka kwenye siki utando ukionekana. Kopo moja karibu na mpapai bado linapata kidogo kwa sababu shina linakinga; hapo namalizia kwa mpira.

Na kama maji yako yanashuka kutoka tenki la juu ya mnara bila pampu, usinunue kwanza. Mnara wa mita 5 unatoa nusu bar tu, na kwa presha hiyo nozeli hizi hazitazunguka inavyotakiwa.