TAHADHARI: "Seramiki" inayopakwa kwa saa mbili tu pembeni ya barabara hapa Mwanza

Ndugu zangu wenye magari Mwanza, hasa mnaopita kila siku vumbi la Buhongwa, Igoma, Kisesa na Igombe, someni hili kabla hamjatoa hela. Kuna vijana wanazunguka na bango, wanauza huduma ya kupaka gari seramiki, yaani dawa ya maji inayokauka na kuwa ngozi ngumu ya kulinda rangi. Wanachopaka si seramiki. Mimi nimeshalipa laki nne na nusu, jirani yangu naye kalipa, na boneti langu limeharibika kwa namna ambayo haitengenezeki bila kupulizwa rangi upya.

Nina Premio nyeusi. Mwenye gari jeusi mji huu anajua shida yake. Mvua za masika zikishakatika, vumbi linaanza, na vumbi letu si unga tu. Tunakaa juu ya mawe ya granaiti, na granaiti ikisagika inaacha chembe za madini ya kwatzi (quartz) ambazo ni ngumu kuliko rangi ya gari kwa mbali sana. Ukipitisha kitambaa kikavu asubuhi kabla ya kwenda kazini, umeipiga rangi msasa. Jua nalo halina huruma: tuko nyuzi mbili na nusu tu kusini mwa ikweta, zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Kuna kinyesi cha korongo kwa wanaoegesha chini ya miti mjini. Kuna wale wadudu wa ziwani wanaotanda kama moshi. Ukiwagonga usiku wanagandia kwenye bampa, na ukiwaacha juani siku mbili wanaacha alama hata ukiwaosha. Kwa hiyo mtu akija na dawa ya kulinda rangi, unamsikiliza. Nami nilimsikiliza.

Walikuwa na boneti kuukuu la maonyesho. Nusu wameipaka, nusu wameiacha. Wakamwagia maji, upande uliopakwa yakajikusanya matone yakateleza kama juu ya jani la gimbi. Wakawasha kiberiti cha gesi juu yake, rangi haikuungua. Wakapitisha ufunguo, hakuna mkwaruzo. Wakasema ugumu wake ni 9H, dhamana miaka 5, kadi hii hapa.

Nimejifunza baadaye kwamba hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachothibitisha kitu. Maji hujikusanya matone juu ya nta, juu ya silikoni, juu ya chochote chenye mafuta. Moto wa sekunde chache hauunguzi rangi kwa sababu bati la chini linanyonya joto. Boneti lako lolote litafanya vilevile. Ufunguo waliupitisha kwa ubapa, si kwa meno yake. Na hiyo 9H ni kipimo cha penseli: ina maana penseli ngumu ya daraja hilo haikuchora. Hata seramiki ya kweli haizuii kokoto linaloruka kwenye tairi la lori, na anayekuambia inazuia anakudanganya hata kama dawa yake ni halali.

Kazi ilianza saa nne asubuhi chini ya mwembe, pembeni ya barabara, daladala zikipita na kutimua vumbi. Saa sita ilikuwa imekwisha, pamoja na kuosha. Kivuli cha mwembe kilihama, nusu ya boneti ikabaki juani, bati likawa la moto kiasi kwamba mkono haukai. Walipiga polishi kwa grinda, ile ya kukatia vyuma, wameivalisha sponji. Kisha wakapuliza dawa kutoka kwenye chupa ya dawa ya mbu iliyobanduliwa karatasi, wakafuta, basi. Gari liling'aa kweli, nikafurahi. Nikatuma hela kwa namba ya simu ambayo jina lililotokea halikufanana na lililoandikwa kwenye bango. Risiti hakuna, ila kile kikadi.

Nilipoosha mara ya tatu, maji yakatandaa kama kawaida. Nikiliangalia gari juani naona miduara kama utando wa buibui, alama za mashine, na michirizi yenye rangi za upinde wa mvua. Kwenye ukingo wa boneti kukatokea doa lililofifia, upana wa kiganja.

Nikampelekea fundi rangi mmoja Nyakato. Alichukua kitambaa cheupe na spiriti akafuta nusu ya mlango. Kitambaa kikatoka na utelezi, na pale alipofuta matone yakaisha palepale. Akaniambia, "Kaka, hii ni silikoni. Ndiyo hiyo hiyo wanayong'arishia dashibodi." Seramiki iliyoshika haitoki kwa spiriti, inang'oka kwa kusuguliwa na kampaundi, ile dawa ya kusugulia rangi. Doa la boneti lilimfanya anyamaze kidogo. Klia, ile ngozi ya juu isiyo na rangi, huwa na unene wa maikroni 40 hadi 50 hivi, chini ya unywele wa mtu. Kwenye kingo huwa nyembamba zaidi. Grinda ya vyuma inazunguka kwa kasi kubwa mno kwa kazi hii, inachemsha klia na kuila. Klia ikishaliwa hakuna polishi inayoirudisha.

Hilo ndilo linaloniuma kuliko hela. Rangi ya kiwandani niliyokuwa nayo ilikuwa nzima, nikamlipa mtu aitoboe.

Sasa mjue kazi halisi inavyokwenda, ili mtu asiwadanganye. Gari linaoshwa, linatolewa chembe za chuma na lami, linasuguliwa kwa udongo maalum mpaka ukipitisha vidole unahisi kioo. Linapigwa polishi kwa mashine ya polishi yenye kasi ya kurekebishika, paneli moja moja, na fundi makini anapima unene wa rangi kwanza. Kisha linafutwa kwa spiriti ili mafuta yote ya polishi yatoke. Hapo tu ndipo dawa inapoingia. Ni kichupa kidogo, mara nyingi mililita 30 au 50, matone machache kwenye kitambaa laini, inapakwa kipande kidogo kidogo na kufutwa kwa maikrofaiba kabla haijagandia. Ndiyo maana haiwezi kufanyika juani: kwenye bati la moto dawa inakauka kabla hujaisambaza, na inaacha mabaka yasiyotoka mpaka yasuguliwe kwa polishi. Vumbi likitua kabla haijakauka, umelifungia humo humo. Inatakiwa banda lililofungwa, sakafu imenyunyiziwa maji. Baada ya hapo gari lisiguswe na maji walau siku nzima, na sabuni isubiri kama wiki. Kwa mji wetu, ambao mvua inatokea ziwani bila kuaga, gari lazima lilale ndani.

Kwa hiyo fundi anayekuahidi kumaliza kabla ya chakula cha mchana, mkatalie. Omba kukiona kichupa kikiwa na lakiri, mbele yako. Uliza gari linalala wapi. Omba kuona gari alilolipaka miezi sita iliyopita, si la jana, na ulione juani, likiwa limeshaoshwa mara nyingi. Dai risiti ya EFD. Anayekasirika kwa maswali hayo usibishane naye, washa gari uondoke. Na kama huna hela ya kazi kamili, nta nzuri kila baada ya miezi michache, maji mengi kabla ya kitambaa na kivuli vinafanya kazi kubwa kuliko hiyo silikoni.

Waliokwisha pigwa, hifadhini ujumbe wa malipo, piga picha kadi na gari likiwa juani, kisha peleka polisi na Tume ya Ushindani, ambayo inapokea malalamiko ya walaji. Mimi nimepeleka. Tukiwa wengi wenye kadi zinazofanana, hawatasema ni bahati mbaya ya mteja mmoja.

Jirani yangu ni mama mwenye Noah ya kubeba wanafunzi. Alilipa laki tatu, fedha ya ada za muhula alizokusanya kwa wazazi na mafuta ya mwezi. Juzi wamempigia: dhamana yake ya miaka 5 itakufa asipolipia "huduma ya miezi sita", elfu themanini, Jumamosi hii. Alishaanza kuitafuta hiyo hela. Nimekwenda kwake na chupa ya spiriti na kitambaa cheupe, tukafuta mlango wa Noah pamoja, akajionea mwenyewe. Jumamosi haendi.