TAHADHARI: "Chuo cha robotiki" kinachokusanya ada za vijana wetu Pemba na Unguja

Assalaam alaykum ndugu zangu. Naomba muisome yote kabla ya kuituma kwengine, hasa nyinyi wazazi wenye watoto waliomaliza Fom Foo na Fom Siksi na wanaotaka kusoma robotiki, mekatroniki (mashine na elektroniki kwa pamoja), akili mnemba au uhandisi wowote.

Kuna watu wanapita Chake, Wete, Mkoani na huko Mjini Unguja wakijitambulisha kuwa ni chuo cha robotiki. Wana vipeperushi vya rangi, wana grupu la WhatsApp, na wana kijana mmoja msemaji mzuri anayevaa shati lenye nembo ya chuo. Wanaahidi Stashahada ya Robotiki na Akili Mnemba kwa miezi sita, halafu eti mwanafunzi anaunganishwa na chuo kikuu cha Ulaya aingie moja kwa moja mwaka wa pili. Ada ya kushikia nafasi ni shilingi 450,000, na wanataka itumwe siku hiyohiyo kwa sababu "nafasi zimebaki tatu". Kila mzazi anaambiwa zimebaki tatu.

Jina lao sitoliandika hapa. Malalamiko yameshafikishwa polisi na wazazi wenyewe wameniomba nisiwaharibie kesi. Lakini mwenendo wao nitaueleza wote, maana jina wanaweza kulibadilisha kesho na wakaendelea na kazi ileile.

Mimi nasomesha Fizikia hapa Chake. Waliodhulumiwa ni wanafunzi niliowasomesha mwenyewe. Mmoja babake aliuza karafuu ZSTC, shirika la Serikali linalonunua karafuu, na pesa aliyopata akaiweka nzima kwa ajili ya masomo ya mwanawe. Mwengine ni binti mwenye kichwa cha Hesabu ambacho sikuwahi kukiona darasani kwangu kwa miaka mingi. Huyu ndiye anayeniuma zaidi. Alipopewa "barua ya udahili" na watu hawa, aliacha kuomba vyuo vya kweli, na dirisha la udahili likafungwa yeye akisubiri masomo yaanze. Pesa inaweza kutafutwa tena kwa taabu. Ule mwaka umeshakwenda.

Baada ya kusikia hayo nilivuka kwenda Mjini kukiona chuo chenyewe. Ni chumba kimoja cha kukodi, ghorofa ya pili, juu ya maduka. Ndani mna viti vya plastiki, kompyuta chache za mezani, na juu ya meza gari dogo la magurudumu mawili lenye bodi ya Arduino, yaani kibao kidogo cha kompyuta cha kujifunzia, linalofuata mstari wa utepe mweusi uliobandikwa kwenye kadibodi. Ndiyo maabara yote. Gari lile si kitu kibaya, hata sisi skuli tunalitumia kuwapa watoto hamu. Lakini ni kifaa cha kuanzia, mtoto wa skuli ya msingi anakiunga kwa siku moja akielekezwa. Niliuliza osiloskopu, kifaa cha kuonesha mawimbi ya umeme, iko wapi, nikaambiwa iko bandarini inasubiri kutolewa. Niliuliza nani anasomesha mifumo ya udhibiti, nikaambiwa profesa yuko nje ya nchi na atasomesha kwa Zoom. Jina la profesa halikupatikana.

Kisha nikaomba ratiba ya masomo, na hapo ndipo nilipopata hakika. Hesabu haimo. Fizikia haimo. Kipeperushi chao chenyewe kinajisifu kwamba "huhitaji kufaulu Fizikia wala Hesabu".

Wazazi wangu, naomba hili mnielewe vizuri, kwa sababu wengi wameliona kama ni nafuu kwa watoto wao. Roboti haiendeshwi kwa maneno. Mkono wa roboti ukitaka kushika kikombe, lazima kila kiungo kijue kipinde pembe gani, na pembe hizo zinatafutwa kwa trigonometria na matriksi. Mota ikiambiwa izunguke hadi mahali fulani, lazima ipunguze kasi kabla haijafika, la sivyo itapitiliza, irudi, ipitilize tena, itikisike mpaka kitu kivunjike. Kuizuia isifanye hivyo ni somo zima, ndiyo ile mifumo ya udhibiti niliyoiuliza, na somo lile ni kalkulasi tupu. Juu yake kuna umeme wa kuiendesha mota, kuna uimara wa chuma kinachobeba uzito, kuna programu inayosoma sensa na kuamua. Chuo kinachosema hakitaki Hesabu wala Fizikia hakina nia ya kumfanya mtoto wako mhandisi. Kinataka 450,000.

Picha za kipeperushi nazo nizitaje. Zinaonesha ukumbi mpana wenye mikono ya roboti ya rangi ya chungwa na wanafunzi wenye makoti meupe. Itazame soketi ya ukutani kwenye picha ile: ina matundu mawili membamba ya kusimama na duara dogo chini yake, kama za Marekani. Hapa kwetu tunatumia pini tatu bapa. Picha imechukuliwa mtandaoni. Ukiiweka picha kwenye utafutaji wa picha wa Google mara nyingi utaona ilikotoka.

Sasa nije kwenye karatasi, maana ndizo zilizowaponza watu wengi, pamoja na wasomi. Ukutani kwao kuna cheti kimewekwa kwenye fremu, kina nembo ya Serikali, na ni cha kweli. Ni cheti cha BPRA, Wakala wa Usajili wa Biashara na Mali. Cheti hicho kinasema tu kwamba kuna biashara yenye jina hilo. Mtu yeyote anaweza kusajili biashara, ya kuuza mchele au ya kushona nguo. Hakimpi ruhusa ya kutoa stashahada, wala leseni ya biashara haimpi.

Ruhusa ya kutoa tuzo inatoka kwengine. Elimu ya juu ni jambo la Muungano, kwa hiyo shahada inasimamiwa na TCU, Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania. Astashahada na stashahada za ufundi zinasimamiwa na NACTVET, Baraza la Taifa la Elimu na Mafunzo ya Ufundi na Ufundi Stadi, na ngazi zake za tuzo, zinazoitwa NTA, zinajulikana: NTA ya 4, ya 5 na ya 6, ambazo kwa aliyetoka Fom Foo kwa kawaida ni miaka mitatu. Stashahada ya uhandisi ya miezi sita haina pa kukaa kwenye ngazi hizo. Mafunzo ya ufundi stadi hapa Zanzibar yako chini ya Mamlaka ya Mafunzo ya Amali, yenye vituo kama Mwanakwerekwe na Mkokotoni kwa Unguja, na Vitongoji kwa huku Pemba.

Watu hawa walipobanwa na mzazi mmoja walitoa namba ya usajili ya NACTVET. Nilipoitafuta kwenye orodha ilikuwa ya chuo chengine kabisa, kiko Bara, na hakisomeshi uhandisi. Kwa hiyo usiridhike kuoneshwa namba. Itafute mwenyewe kwenye tovuti ya NACTVET au ya TCU, usome jina la chuo, mahali kilipo, na kozi zilizoidhinishwa. Hilo la kozi watu hulisahau: chuo kinaweza kuwa kimesajiliwa kihalali na bado kozi anayokuuzia haijaidhinishwa.

Na ile hadithi ya Ulaya? Wakala anayepeleka wanafunzi kusoma nje anatakiwa atambuliwe na TCU. Uliza TCU kama wanamjua. Kisha kiandikie chuo cha Ulaya chenyewe, kwa anwani iliyo kwenye tovuti yao, si ile aliyokupa wakala. Mimi na binti yule tulikiandikia chuo hicho pamoja. Jibu lilikuja baada ya siku chache: hawana makubaliano yoyote na watu hawa, na barua ile hawaitambui.

Kwa vijana ambao hamu yao ni ya kweli, na najua ni wengi, msikate tamaa. Njia zipo. Huku kwetu wengi hawaanzi na kozi yenye jina la robotiki. Wanaanza na uhandisi wa umeme, wa mekanika, elektroniki au kompyuta, kisha wanaelekea huko. Wa Fom Foo mwenye ufaulu wa Fizikia, Kemia na Hesabu aiangalie Taasisi ya Karume ya Sayansi na Teknolojia pale Mbweni, au DIT, Taasisi ya Teknolojia ya Dar es Salaam. Wa Fom Siksi aliyesoma PCM, yaani Fizikia, Kemia na Hesabu, ana Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na vyengine. Wanaotaka mekatroniki kwa jina lake, majirani zetu Kenya wanaisomesha kwenye vyuo vikuu vya JKUAT na Dedan Kimathi. Kwa upande wa akili mnemba, tangu 2023 IIT Madras, taasisi ya teknolojia ya India, ina kampasi Bweleo hapa Unguja, ya kwanza ya vyuo vya IIT nje ya India, na kuingia kwake kuna mtihani wa mchujo na usaili. Tena vijana wa SUZA, Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, wenyewe walishiriki na Kamisheni ya Ardhi kurusha droni za kuchora ramani ya Unguja na Pemba, mradi ulioanza 2016. Kazi ya maana inafanyika hapahapa na watu waliosoma kwa utaratibu.

Kabla hujalipa popote, nenda ukaione maabara wanafunzi wakiwa kazini. Omba kuzungumza na aliyemaliza, uchague wewe, si yule waliyekuandalia. Na tazama pesa inakwenda wapi. Vyuo vya Serikali hutoa namba ya malipo, ile tunayoiita kontrol namba, na cha binafsi kina akaunti ya benki yenye jina la chuo. Watu hawa walipokea kwa simu, namba yenye jina la mtu binafsi, na risiti ikaandikwa kwenye kitabu cha kununua dukani.

Kama umeshawalipa, usifute ujumbe wowote wala usitoke kwenye grupu. Piga picha za mazungumzo, hifadhi meseji ya muamala yenye namba ya kumbukumbu, na uende kituo cha polisi kilicho karibu ufungue malalamiko. Kampuni ya simu nayo iarifu haraka, kwani muamala ukiwa mpya upo uwezekano wa kuzuiwa. Namba waliyotumia itume kwenda 15040, ambayo TCRA, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, imeiweka kwa kuripoti utapeli wa simu. Malalamiko ya mteja yanapokelewa pia na Tume ya Ushindani Halali wa Biashara Zanzibar.

Wazazi wa hapa Chake wanaotaka kuunganisha malalamiko yao na yaliyokwisha fikishwa, waje skuli wakati wa mapumziko ya saa nne wakiwa na risiti na barua walizopewa. Na mwenye kijana aliyekwisha itwa "kuanza masomo" mwezi ujao, amzuie asipande boti mpaka awe ameliona jina la chuo kwenye orodha kwa macho yake.