Ubao wa Kanban kwa wapanga shughuli: nyota nne

Napanga makongamano na harusi, na siku hizi sianzi bila ubao wa Kanban: kila kazi ni kadi, na kadi inahama safu hadi safu, kutoka "bado" hadi "imekwisha". Njia yenyewe imetoka viwanda vya Toyota, Japani, ila kwenye shughuli inakaa vizuri ajabu: kadi ya "mpiga picha" ikiganda safu ya "inaendelea", najua kuna mtu hajapiga simu. Kila mtu kadi tatu tu mkononi, hapo sibembelezwi!

Nyota moja nimeikata kwa sababu ubao haukuonyeshi nini kinasubiri nini. Jukwaa halijengwi kabla ukumbi haujalipiwa. Hilo nalipata kwenye chati ya Gantt (kila kazi ni mstari kwenye kalenda), ya mwanzoni mwa karne ya 20, nikihesabu kurudi nyuma kutoka siku yenyewe. Skramu, njia ya kupanga kazi kwa vipindi vifupi vifupi, nimewaachia waunda programu.