Nguo zinatoka zinachuruzika: usafishe chujio au umwite fundi?

Hapa Kigoma, mvua zikishakolea, mashine ya kufulia isiyokamua ni adha kweli: jinzi inashinda kwenye kamba na bado inanuka uvundo.

Mimi napendelea uanze mwenyewe, maana ni bure. Chomoa plagi, tandika tambara, tega beseni, kisha fungua kifuniko kidogo cha chini kwa mbele (mashine nyingi za mlango wa mbele zinacho) na uzungushe chujio taratibu. Maji yatamwagika, ndani utakuta nyuzi, sarafu, vifungo, hata soksi ya mtoto. Chujio likiziba maji hayatoki, na mashine iliyojaa maji haikamui. Angalia pia mpira wa kutolea maji usiwe umejikunja. Tena usifue blanketi peke yake: mzigo ukielemea upande mmoja, mashine hupunguza kasi yenyewe. Ukimaliza, weka mizunguko 1000 kwa dakika badala ya 400.

Fundi naye ana kazi yake. Pampu ikinguruma bila kutoa maji, au pipa lisipozunguka kabisa, huenda pampu imekufa au mkanda umekatika. Hapo mwite, na akuonyeshe kipuri kibovu kabla hujalipa.