Kuchagua Shule ya Bweni ya Gredi ya 10: Mwongozo kwa Wazazi wa Nairobi

Kwa miaka mingi mzazi wa Nairobi aliyetaka kumpeleka mwanawe shule ya bweni alijiuliza swali moja kubwa, nalo lilihusu uzito wa jina la shule. Tangu kundi la kwanza la mtaala wa umilisi lilipoingia Gredi ya 10 mwezi wa Januari 2026, swali hilo halitoshi tena. Mtoto huchagua kwanza mkondo, kisha mseto wa masomo matatu ndani ya mkondo huo, na baada ya hapo ndipo hutafuta shule inayoufundisha. Shule inayosifiwa nchi nzima lakini isiyofundisha mseto anaouhitaji haimfai, hata kama jamaa na majirani wote watampigia makofi siku ya matokeo. Mapendeleo ninayoyapanga hapa chini yametokana na imani hiyo, na yamewalenga wazazi wenye kipato cha kawaida ambao watalipa karo kwa jasho lao.

Mikondo ni mitatu: wa kwanza ni Sayansi, Teknolojia, Uhandisi na Hisabati; wa pili ni Sayansi ya Jamii; na wa tatu ni Sanaa na Sayansi ya Michezo. Kila mwanafunzi husoma Kiingereza, Kiswahili au Lugha ya Ishara ya Kenya, Hisabati, pamoja na mafunzo ya huduma kwa jamii, halafu huongeza masomo matatu ya mseto wake. Mkondo wa sayansi unapatikana kila mahali, ila ule wa sanaa na michezo unapatikana katika shule chache zaidi. Kwa hiyo mtoto mwenye kipaji cha muziki au cha riadha anapaswa kuanza kutafuta mapema kuliko mwenzake anayetaka Biolojia na Kemia. Tena, kuona somo limeandikwa kwenye orodha ya shule hakutoshi. Uliza kama mwalimu wake yupo, na kama maabara au karakana inatumika.

Shule zenyewe zimegawanywa katika ngazi nne. C1 ni zile zilizoitwa shule za kitaifa, C2 zilikuwa za kiwango cha nje ya kaunti, C3 za kaunti, na C4 ni za kutwa za kaunti ndogo. Kundi la kwanza lilipochagua mwaka 2025, kila mwanafunzi alijaza shule 12: tisa za bweni, yaani tatu katika kaunti ya nyumbani na sita nje ya kaunti hiyo, na tatu za kutwa zilizo karibu na anakoishi. Uamuzi wa nani aende wapi hutegemea alama za mtihani wa Gredi ya 9 kwa asilimia 60, tathmini za shuleni kwa asilimia 20, na mtihani wa Gredi ya 6 kwa asilimia 20. Katika mtihani wa Gredi ya 9, kila somo kati ya masomo tisa lina pointi nane, kwa hiyo jumla ya juu kabisa ni 72. Mzazi anayeanza kuuliza habari za shule za bweni mtoto akiwa Gredi ya 9 muhula wa tatu amekwisha kuchelewa, kwa kuwa sehemu ya alama hizo ilishawekwa miaka mitatu nyuma.

Chaguo ninaloliweka la kwanza kwa familia nyingi za Nairobi ni shule ya bweni ya C2 iliyo katika kaunti jirani, kama vile Kiambu, Machakos, Murang'a au Kajiado, inayofundisha mseto wa mtoto na inayofikika kwa safari ya saa mbili au tatu. Najua wengi watashangaa kwamba sikuanza na C1. Sababu ya kwanza ni nafasi: shule za C1 hugombewa na watoto wengi kuliko nafasi zilizopo, na mzazi aliyejaza majina makubwa matupu katika nafasi zote tisa za bweni huenda akaishia kupangiwa shule asiyoijua kabisa. Sababu ya pili ni umbali. Mtoto wa miaka kumi na mitano ataugua, atahitaji kuitiwa mzazi, atakuja likizo fupi katikati ya muhula na kurudi, na kila safari ni nauli na siku ya kazi iliyopotea. Sababu ya tatu ni karo. Kiwango cha juu kinachotajwa na Wizara ya Elimu ni shilingi 53,554 kwa mwaka katika shule zilizokuwa za kitaifa na katika shule za bweni zilizo Nairobi, Mombasa, Nakuru, Kisumu, Nyeri, Thika na Eldoret, ilhali shule nyingine za bweni zina kiwango cha shilingi 40,535. Tofauti hiyo ya shilingi 13,019 kila mwaka, kwa miaka mitatu, ni pesa za kumnunulia mtoto vitabu na kumlipia mdogo wake sare.

Nafasi ya pili naziweka shule za C1 zilizo Nairobi na viungani mwake. Hapa hatuna upungufu wa majina: Alliance High iliyoanzishwa mwaka 1926 na Alliance Girls iliyofuata mwaka 1948, zote mbili Kikuyu, Mang'u, iliyoanza mwaka 1925, Kenya High, Nairobi School, Lenana, Moi Girls na Pangani Girls ndani ya jiji, na Loreto Limuru kule juu kwenye mashamba ya chai. Mtoto aliye na alama za kufikia shule hizi, na ambaye mseto wake unafundishwa huko, asizuiwe kuziomba, kwa sababu maabara zake, wingi wa shughuli za nje ya darasa na mtandao wa waliosoma hapo ni faida za kweli. Ninachoshauri ni kwamba asijaze zaidi ya mbili au tatu kati ya nafasi tisa, na kwamba mzazi asichukulie umri wa shule kuwa ushahidi wa hali ya majengo yake leo. Bweni lililojengwa kwa ajili ya watoto arobaini linaweza kuwa limebeba idadi kubwa kuliko hiyo, na hilo hulioni kwenye jina.

Starehe inahitaji maelezo yake yenyewe. Starehe Boys' Centre ilianzishwa mwaka 1959 na Geoffrey Griffin pamoja na wenzake Geoffrey Geturo na Joseph Gikubu, kwa ajili ya wavulana wasio na uwezo, na ya wasichana ikafunguliwa mwaka 2005. Kwa mtoto mwerevu anayetoka katika familia maskini kwelikweli, iwe Mathare, Mukuru au kijijini, chaguo hili linapita yote niliyoyataja, na ningeliweka juu kabisa bila kusita. Shule hizi zimekuwa zikipokea maombi yake zenyewe, kwa fomu maalumu inayochunguza hali ya familia, kwa hiyo kumwandika mtoto kwenye orodha ya kawaida ya shule 12 na kusubiri hakutoshi. Fomu ijazwe kwa ukweli mtupu. Mzazi mwenye uwezo anayejifanya maskini anamnyang'anya mtoto mwingine kitanda.

Nafasi ya tatu naipa shule nzuri ya kutwa, ingawa huu ni mwongozo wa bweni. Serikali imeweka mgao wa shilingi 22,244 kwa kila mwanafunzi kwa mwaka katika shule za umma, na katika shule ya kutwa mgao huo ndio hubeba mzigo wa masomo, mzazi akibaki na chakula cha mchana, sare na nauli. Ikiwa nyumba ina utulivu, ina taa, na ina mtu mzima jioni, mtoto wa Umoja au Kawangware anayelala kwao anaweza kufanya vizuri kuliko yule aliyepelekwa bweni lisilofaa kwa sababu tu ya fahari. Ikiwa nyumba ni chumba kimoja cha watu sita, bweni linakuwa msaada halisi, na hapo mzazi asione haya kulipigania.

Shule za bweni za kibinafsi ni za nne. Zipo bora sana, lakini karo yake haifungwi na viwango vya Wizara, hupanda bila onyo refu, na baadhi hufuata mtaala wa Uingereza badala ya ule wa Kenya, jambo ambalo mzazi anapaswa kulijua kabla ya kulipa amana, kwa sababu kumhamisha mtoto kati ya mitaala miwili akiwa katikati ni kazi ngumu. Chaguo la mwisho kabisa ni shule ya bweni ya umma iliyo mbali, safari ya saa saba au nane, iliyochaguliwa kwa jina bila mtu wa familia kuwahi kukanyaga huko.

Kukanyaga huko ndilo jambo ambalo ningependa kila mzazi alifanye kabla ya kujaza fomu, na kwalo nitaongea kwa kirefu. Mwaka 2001 moto katika shule ya Kyanguli, Machakos, uliua wavulana 67. Mwaka 2017 wasichana kumi walikufa bweni lao lilipoungua hapa hapa Nairobi. Septemba 2024 watoto 21 waliangamia Hillside Endarasha, kaunti ya Nyeri. Mwongozo wa serikali wa usalama shuleni wa mwaka 2008 unasema wazi kwamba madirisha ya bweni yasiwe na vyuma, milango ifunguke kwa nje, bweni liwe na mlango kila mwisho pamoja na mlango wa dharura katikati, nafasi kati ya vitanda isipungue mita 1.2, na ujia uwe na upana wa mita mbili. Haya yote yanaonekana kwa macho, na hayahitaji utaalamu.

Nilipokuwa nikimtafutia binti yangu shule, tulitembelea moja katika kaunti jirani iliyosifiwa sana na watu wa kanisa letu. Maabara ilikuwa safi na walimu walikuwa wakarimu. Nilipoomba kuona bweni, nilikuta madirisha yote yana vyuma na mlango wa dharura umefungwa kwa kufuli. Nikauliza ufunguo uko wapi. Nikaambiwa uko kwa matroni, na matroni ameenda sokoni. Niliwaza juu ya watoto wale usiku, nikamshika binti yangu mkono, tukarudi nyumbani, na shule ile haikuingia kwenye orodha yetu. Alama za mitihani za shule hiyo zilikuwa za juu, na bado sijutii hata kidogo.

Kwa hiyo mzazi akifika shuleni, aombe kwa adabu kuonyeshwa bweni, vyoo, jikoni na chanzo cha maji, na asiridhike na kuketi ofisini kwa mwalimu mkuu akinywa chai. Akataliwapo kuona bweni, hilo lenyewe ni jibu. Aulize nani hulala karibu na watoto usiku, mtoto akiugua saa nane za usiku hupelekwa hospitali gani na kwa gari lipi, na mwanafunzi aliyeonewa na wenzake humwambia nani. Kisha awatafute wanafunzi wawili watatu wa shule hiyo wakati wa likizo, mtaani kwake au kwenye stendi ya matatu, awaulize wanakula nini na maji hukosekana mara ngapi, kwa maana watoto hawapambi maneno.

Kuhusu pesa, karo hulipwa kwa uwiano wa 50 kwa 30 kwa 20 katika mihula mitatu, kumaanisha kwamba katika shule ya shilingi 53,554 muhula wa kwanza pekee unadai shilingi 26,777, na hizo zinadaiwa mwezi huohuo wa Januari unaodai pia sare, godoro na sanduku. Anza kuweka akiba tangu katikati ya mwaka. Ukiona barua ya kujiunga ina ada za ziada za basi, jengo au motisha, uliza kwa maandishi zimeidhinishwa na nani. Lipa kwenye akaunti ya benki ya shule pekee, na usimtumie mtu yeyote pesa kwa M-Pesa kwa ahadi kwamba atakupatia nafasi katika shule ya C1, kwa kuwa wanaouza nafasi hizo ni matapeli na pesa hazirudi. Ufadhili wa Wings to Fly wa Equity, ule wa Elimu Scholarship na basari za eneobunge vina fomu na tarehe zake, nazo huhitaji sahihi za watu ambao mwezi wa Desemba hawapatikani ofisini.

Ikiwa mtoto atapangiwa shule isiyomfaa, Wizara hufungua muda mfupi wa kuomba mabadiliko baada ya matokeo ya nafasi kutangazwa. Muda huo hupita haraka, kwa hiyo andaa mapema majina ya shule mbili mbadala ambazo umezithibitisha kuwa zina nafasi na zinafundisha mseto huo. Sababu yenye mashiko, kama vile mseto kukosekana au ugonjwa unaohitaji mtoto awe karibu na hospitali yake, husikilizwa kuliko malalamiko kwamba shule haina jina.

Ununuzi wa vifaa ufuate orodha iliyo kwenye barua ya shule, wala usifanywe kabla barua haijafika, kwa sababu shule hutofautiana hata kwa rangi ya shuka. Sanduku la chuma linunuliwe kwa mafundi wa jua kali wa Kamukunji, ukilikagua bawaba na kitasa ukiwa papo hapo. Jina la mtoto liandikwe kwa rangi ndani ya kifuniko na si juu yake tu. Kufuli liwe na funguo mbili, mmoja avae mtoto shingoni, na mwingine ubaki na mzazi nyumbani.